Ufito wa Ukutani

Kijana aliyeniletea mashine ya kupumulia alikaa kitandani kwangu bila hata kuomba, akaanza kunifundisha vitufe. Hiki cha kuongeza msukumo wa hewa, hiki cha kupunguza, hiki cha kuifanya ianze taratibu mpaka usingizi ukolee. Nikivaa ile barakoa yenye mrija nafanana na mdudu. Akaniambia nisikate tamaa, siku za mwanzo haikai sawa, lazima mtu arekebishe kidogo kidogo mpaka apate kipimo chake. Nikamwambia hilo nalijua. Kwetu Tabora tulikuwa nayo mashine hii zamani, ila yetu ilikuwa ya mti na ilikuwa inatukana watu. Alinitazama kwa huruma, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Hakuuliza zaidi, na mimi sikupenda ile huruma yake, kwa hiyo nitaeleza hapa.

Tulikaa mtaa wa Ng'ambo, miaka ile ya foleni za sukari na mikutano isiyokwisha. Nyumba yetu ilikuwa nusu ya nyumba. Paa moja, familia mbili, na katikati ukuta wa tofali za udongo ambao mjenzi aliuchoka kabla haujafika juu, hivyo walichokaanga wao tulikipigia chafya sisi. Upande wetu alikuwepo baba, aliyekuwa mpima mizani kwenye ghala la asali na nta, mama, na mimi niliyekuwa msichana wa darasa la saba mwenye mdomo. Upande wa pili alikaa Mzaramo mmoja wa reli pamoja na mke wake, mwanamke mpole wa Bukoba.

Baba alikuwa mnene. Wakati watu wote wamekonda kwa foleni, yeye alinenepa kwa hewa, na kwa kuwa alikuwa balozi wa nyumba kumi, wapo waliotia shaka kwamba sukari ya nyumba kumi inaishia tumboni mwake. Uongo mtupu. Tulikula mlenda kama wengine.

Shida yake ilikuwa usingizi. Akilala alikoroma mpaka vikombe vikagongana kabatini, kisha, ghafla, kimya. Si kimya cha mtu aliyegeuka upande. Kifua kilipanda na kushuka lakini hewa haikuingia, kana kwamba mtu amemziba koo. Mama alikuwa akikaa kitandani na kuhesabu. Kumi na tano, ishirini, mara nyingine hata hamsini, ndipo baba anaposhtuka na kuvuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyetoka kisimani. Kisha anakoroma tena. Kisha kimya tena. Mama aliogopa jambo moja tu maishani mwake, na alilisema waziwazi: kwamba siku moja kimya kile hakitakwisha, na yeye atakuwa amelala.

Kwa hiyo mama hakulala. Na baba, ambaye hakuwa anapumua usiku, alisinzia mchana kutwa. Alisinzia mizanini mkono ukiwa kwenye debe la asali. Alisinzia kanisani wakati wa mahubiri, na alisinzia akiwa amesimama. Siku moja kwenye mkutano wa Chama akalala mstari wa mbele, na mgeni kutoka wilayani akatoa hoja kwamba mabalozi wanaolala mikutanoni waondolewe. Akaitwa balozi wetu atoe maoni. Baba akashtuka, akasimama, akasema kwa sauti nzito, "Ndugu mwenyekiti, naunga mkono mia kwa mia." Walipiga makofi. Alibaki balozi kwa sababu hakuna mtu aliyejua amfanye nini.

Mtu mwenye akili atauliza kwa nini mama hakumwamsha. Alijaribu. Baba alikuwa na imani aliyopewa na bibi yake, kwamba mke anayemgusa mumewe mbavu akiwa usingizini anamwitia mauti. Mama alimgusa mara moja tu. Baba alirusha mkono, akavunja chemni ya taa, akaamka, akakana kwamba alikuwa amelala, akasusa ugali siku mbili. Tangu hapo mama alikuwa akimwita kwa adabu, "Baba. Baba. Baba," kwa sauti ya mtu anayepiga hodi nyumba ya mkwe. Hodi hiyo haikusikika. Nilipojitolea mimi, baba akaniambia siku mtoto wake wa kumzaa atakapompiga mbavu, ahame nyumba aende kulala ghalani na nyuki. Nilikasirika sana. Nilimwona anachagua heshima kuliko pumzi, na mpaka leo nikikumbuka hasira hunipanda.

Hatimaye mama alimkokota mpaka Kitete, hospitali. Daktari alimtazama kooni, akamsikiliza mama mpaka mwisho, akasema nyama za kooni zinalegea mtu akilala na kuziba njia. Dawa ya kunywa hakuna. Asilale chali, apungue mwili, na ashonewe kitu kigumu mgongoni mwa shati la kulalia ili akigeuka chali kimsumbue.

Mama akashona gunzi la muhindi. Baba akalala chali juu ya gunzi kwa raha zake. Akashona magunzi matatu. Baba akasema sasa kitanda kimekuwa kizuri, mgongo unakunwa. Hapo ndipo Mzaramo, aliyekuwa akisikia yote kwa juu ya ukuta, akaleta kifuu cha nazi alichotoka nacho kwao Pwani.

"Mshonee hiki, shemeji," akamwambia mama. "Mnyamwezi bila mzigo mgongoni hajui kutembea, sembuse kulala."

Lazima nieleze hapa, maana vijana wa siku hizi wanadhani utani ni kuchekeshana tu. Wazee wetu wa Kinyamwezi walikuwa wakishuka na misafara mpaka Pwani, pembe za ndovu mabegani, miezi na miezi, na huko mwisho wa njia waliwakuta Wazaramo. Walipigana, wakauziana, wakazikana, na kilichobaki ni utani. Mtani ana ruhusa. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe, akakuvua kofia, akachukua kuku wako akaondoka naye, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa na unatozwa faini. Baba na Mzaramo walitukanana kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Baba aliitwa mpagazi. Mzaramo aliitwa mla nazi, mtu wa kucheza ngoma mwezi mzima huku shamba linaota magugu. Walipendana kuliko ndugu.

Kifuu kilidumu siku mbili, baba akakipasua kwa uzito wake. Mama akakaa mlangoni akalia. Alilia kwa uchovu, bila kujificha, na Mzaramo alipomwona hakutania. Aliingia kwake, akatoka na kauli.

"Mke hawezi kumgusa. Mtoto hawezi kumgusa. Mimi naweza kumpiga hata teke. Kitanda chake kiko ukutani?"

"Kipo," mama akasema.

"Na changu kipo ukutani."

Jumamosi hiyo alitoboa ukuta. Alitoboa kwa msumari wa reli, tundu la kupitisha ngumi, akapitisha humo ufito mrefu wa kujengea, na ncha yake ikatokea juu ya kitanda cha wazazi wangu. Baba alikuwa ameketi pembeni akitazama nyumba yake ikitobolewa, na hakuruhusiwa kukasirika, kwa sababu aliyetoboa ni mtani.

Mama aliuliza swali la maana. Je, Mzaramo naye hatalala? Akamjibu, "Shemeji, mtu wa reli haamshwi na kelele. Kelele ndiyo blanketi letu. Treni ikisimama pasipostahili ndiyo tunaamka." Na ilikuwa kweli. Alilala fofofo baba akikoroma, na kile kimya kikija tu, macho yalifumbuka.

Usiku wa kwanza ulikuwa balaa. Aliweka kipimo cha hesabu kumi: kimya kikifika kumi, ufito unaingia. Baba alichomwa mbavu usiku kucha, kila mara kwa maneno yaleyale kutoka ng'ambo ya ukuta: "Amka, mpagazi! Mzigo bado!" Asubuhi alikuwa na macho mekundu na alama nne ubavuni. Wakaongeza mpaka arobaini. Arobaini ilimfaa baba, lakini ilimpeleka mama nje ya nyumba akishika kichwa. Wakarudi ishirini, na ishirini ikakaa.

Halafu ncha. Mti mtupu ulimwumiza. Wakaufunga katani, katani ikamwasha. Mwishowe ile mashine ilivalishwa gunzi lililotiwa ndani ya soksi, yaani gunzi tulilolidharau lilipata kazi. Mahali pa kugusa napo paligombewa. Karibu na kwapa baba alicheka usingizini bila kuamka, na hicho kicheko kilimtisha mama kuliko kimya. Chini ya mbavu ya mwisho ndipo palipofaa. Kisha godoro la sufi lilikuwa linabonyea, ikabidi miguu ya kitanda iwekewe matofali, moja moja, huku Mzaramo akichungulia tunduni na tochi na kupaza sauti, "Bado! Shusha! Hapo! Acha hapohapo!" Akachora mstari wa mkaa kwenye ufito kuonyesha usukumwe mpaka wapi. Baba alilala pale kitandani mchana kweupe, kiongozi wa nyumba kumi, akipimwa.

Lakini ikafanya kazi. Ufito ukiingia na tusi likifuata, baba aligeuka ubavu, akajibu, "Kalale, mla nazi," na akapumua. Mama alilala. Baada ya wiki mbili nilimwona mama akiimba akichambua mchele, na sikukumbuka ni lini nilimsikia akiimba. Baba alikaa macho mkutano mzima, akauliza maswali, watu wakaanza kutamani arudi alivyokuwa zamani.

Tatizo lilikuwa zamu. Wiki moja kila mwezi Mzaramo alishika kazi ya usiku stesheni. Mwezi wa kwanza mama alikesha. Mwezi wa pili Mzaramo akamkabidhi mke wake ufito, akamwonyesha mstari wa mkaa, akaenda kazini.

Yule mama wa Bukoba alikuwa na adabu iliyopita kiasi. Alihesabu ishirini sawasawa, akasukuma mpaka mstarini sawasawa, lakini neno la upagazi halikumtoka. Akasema kwa upole, "Samahani, shemeji."

Baba aliruka kitandani. Aliyekubali kuitwa mpagazi mwezi mzima, samahani ilimwingia kama mwiba. "Nani huyo?" akanguruma. "Nani ananiomba samahani ndani ya mbavu zangu?"

Asubuhi ikawa kesi. Wazee wanne waliitwa uani kwetu, wakapewa viti, na hoja ikawekwa mbele yao: je, utani unapita kwenye mti? Baba alidai amechomwa mbavu na mke wa mtu, tena asiye mtani wake, kwani Wahaya na Wanyamwezi hawakuwahi kutaniana popote. Mzaramo, aliyekuwa ametoka zamu na usingizi umemjaa, alidai ufito ni wake, tundu ni lake, kwa hiyo mkono uliosukuma ni kama upepo tu. Mzee mmoja aliuliza kama mwanamke huyo angetumia kijiko badala ya ufito ingekuwaje. Walijadili kijiko karibu saa nzima. Mimi niliyekuwa nikileta maji ya kunywa nilisema kwa sauti kwamba wakati wao wanajadili kijiko mama yangu hajalala, nikafukuzwa uani.

Hukumu ilikuwa hivi. Utani uko kwenye tusi, hauko kwenye mti. Mama wa Bukoba anaweza kusukuma ufito kwa niaba ya mumewe, alimradi atukane. Bila tusi, ni kosa, faini kuku. Kuku akalipwa papo hapo na kuliwa na mahakama. Yule mama akafundishwa tusi uani pale, mbele ya wazee, na kila alipojaribu aliziba mdomo kwa kanga. Ilipofika zamu nyingine alisukuma ufito na kusema, "Amka, mpagazi. Samahani, shemeji." Baba alisema hiyo itabidi aivumilie.

Tuliishi hivyo miaka minne. Wageni walionyeshwa tundu. Tulihamisha kitanda mara moja tu, kupaka chokaa, na kukirudisha ilikuwa kazi ya siku nzima.

Kisha Mzaramo akaugua figo. Alivimba miguu, halafu uso, akalazwa Kitete siku nyingi, na mwishowe akaomba arudishwe kwake. Akawa amelala upande wake wa ukuta na sisi upande wetu, na sasa pumzi yake ndiyo iliyosikika. Ilikuwa nzito, ya kukwaruza. Baba hakulala usiku wa kwanza, wala wa pili, wala wa tatu. Mama alimsihi. Akajibu, "Nitalalaje, na mtu wangu yuko hoi?" Alikaa kitandani ameegemeza sikio kwenye tundu.

Alfajiri ya nne pumzi ile ilikatika. Nilikuwa nimeamka kuwasha moto, nikamsikia baba akihesabu. Alifika ishirini. Akashika ile ncha yenye soksi, akausukuma ufito kurudi ulikotoka, polepole, akasema, "Amka, mla nazi." Akangoja. "Amka, ngoma imeanza." Upande wa pili mama wa Bukoba akaanza kulia. Baba akausukuma ufito wote mpaka ukaangukia kwao.

Msibani mtani ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote. Haruhusiwi kulia. Anatakiwa achekeshe, azuie maiti isitoke mpaka apewe chochote, na watu wacheke, kwa sababu hivyo ndivyo wazee walivyozikana njiani. Baada ya swala ya adhuhuri, jeneza lilipoinuliwa, baba alitoka kwa wanaume, akajilaza chali kwenye kizingiti, mwili wake mkubwa ukaziba mlango wote.

"Hatoki mtu," akatangaza. "Huyu mla nazi ananidai usingizi au mimi namdai, sijui. Nimelala. Aje aniamshe mwenyewe."

Akafumba macho, akakoroma. Aliiga vizuri sana. Watu walicheka mpaka wengine wakashika kuta, hata mashehe waligeuka pembeni. Akakoroma tena, kwa nguvu zaidi, kisha akanyamaza, na kicheko kikaongezeka, maana mtaa mzima ulijua kile kimya.

Mimi nilikuwa ndani na wanawake, karibu na mama. Mama hakucheka. Nilimwona midomo yake ikicheza, nikajua anahesabu, na ndipo nilipoelewa. Baba hakuwa anaigiza. Alikuwa hajalala siku nne, amejilaza chali, na usingizi ulimchukua palepale chini ya jeneza. Kifua kilipanda na kushuka. Watu walikuwa wanampigia makofi.

Mama alifika ishirini. Akasimama, akapita katikati ya wanawake, akapita ubavuni mwa jeneza, akainama mlangoni mbele ya wazee, mashehe na wajumbe wote wa Chama, akampiga baba ngumi chini ya mbavu ya mwisho.

"Amka, mpagazi!" mama yangu akasema, yeye ambaye hakuwahi kumwita mumewe ila Baba. "Mzigo bado!"

Kicheko kilikatika. Baba alivuta pumzi kwa kishindo, akaketi, akageuka kutazama ukuta. Alimtafuta aliyesema. Akamwona mama, akaliona jeneza juu ya mabega ya watu, na hapo, mtani asiyeruhusiwa kulia, alilia kama mtoto. Hakuna aliyemtoza faini. Alipomaliza alifuta uso kwa kofia, akainuka, akaingiza bega chini ya mti wa mbele wa jeneza, na hakukubali kupokewa mpaka makaburini.

Usiku ule alilala mapema. Mama alijilaza pembeni yake, mkono ukiwa tayari. Mama wa Bukoba alikuwa ndani kwake, eda imeanza, hatoki. Mimi nilikuwa nimeketi mlangoni mwa chumba nikiwashikia taa, kwa sababu sikutaka kwenda kulala. Tukasikia kitu kinakwaruza ukutani. Soksi ikatokea tunduni na gunzi lake ndani, kisha mstari wa mkaa, na ufito ukaendelea kuja, mrefu, wote, mpaka ukaisha na kuangukia mikononi mwa mama.

"Samahani, shemeji," ikasema sauti upande wa pili.